Kabla Hujamlipa Mpelelezi: Ushauri kwa Wanaodai Talaka

Wasomaji wa Same, Mwanga na vijiji vya kando ya Ziwa Jipe wanauliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Mmoja ana mume anayevuka kwenda Taveta kila siku ya soko, samaki wanauzwa, lakini nyumbani hela haionekani. Mwingine ana mke aliyehamia Dar es Salaam kutafuta maisha na sasa hapokei simu. Wa tatu amesikia kwamba mjini kuna watu wanaofuatilia wanandoa kwa malipo, na yuko tayari kuuza ng'ombe apate ada yao. Wote wanataka kujua kama wamlipe mpelelezi binafsi ili washinde kesi ya talaka.

Kwa wengi wenu jibu ni hapana. Kwa wachache ni ndiyo, ila kwa kazi tofauti kabisa na ile mliyoifikiria. Anayemwendea mpelelezi kwa kawaida anataka mwenzake afumaniwe. Mahakama ya Tanzania Bara, ikikaa kusikiliza shauri la talaka, inatafuta majibu ya mambo matatu: kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, mali ipi ilichumwa pamoja na nani alichangia nini, na watoto wakae na nani huku nani akiwatunza. Mpelelezi anayejibu mojawapo ya hayo, pale ambapo wewe, majirani na ofisi za serikali mmeshindwa, anastahili kulipwa. Anayekuletea picha ya gari nje ya gesti amekuuzia uchungu.

Picha ya mpelelezi tuliyoikuta kwenye filamu

Mpelelezi wa talaka tunayemwona kwenye filamu, mwenye kofia na kamera, ni zao la sheria ya watu wengine. Uingereza ilipofungua mlango wa talaka za mahakamani mwaka 1857, ugoni ndio uliokuwa msingi mkuu, na mke alitakiwa athibitishe ugoni pamoja na kosa lingine juu yake. Kwa kuwa bila ugoni hapakuwa na talaka, biashara ya kuuthibitisha ilishamiri. Ikafika mahali wanandoa waliokwisha kukubaliana kuachana walipanga maigizo: mume anachukua chumba hotelini na mwanamke wa kukodi, mhudumu anawaletea chai asubuhi, kisha anakwenda mahakamani kusema alichokiona. Sheria za huko zilibadilishwa mara kadhaa, na tangu Aprili 2022 anayeomba talaka Uingereza hahitaji tena kuthibitisha kosa la mwenzake.

Sisi tuliachana na mfumo huo mapema zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka msingi mmoja tu wa talaka, kwamba ndoa imevunjika na haiwezi kurekebishika. Ugoni umetajwa, lakini kama mojawapo ya dalili, pamoja na ukatili wa mwili au wa akili, kutelekeza familia, kumtoroka mwenzi kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, kifungo kirefu, na mengineyo. Kwa hiyo mke anayepigwa na ambaye chakula cha watoto kinatoka kwa mama yake mzazi ana ushahidi wa kutosha hata kama hajui jina la mwanamke wa nje.

Ugoni: soma kifungu chenyewe

Kifungu cha 107 kinapoutaja ugoni kinaongeza maneno ambayo wengi huyaruka. Kinaupa uzito hasa ugoni uliotendwa zaidi ya mara moja, au uhusiano ulioendelea licha ya mwenzi kulalamika. Maneno hayo ya mwisho yana maana kubwa kwa mtu wa kijijini. Ushahidi wa malalamiko huupati kwa mpelelezi. Unaupata kwenye kikao cha wazee wa pande mbili, kwa mchungaji au imamu aliyewaita, kwenye barua uliyomwandikia mwenzako, kwenye muhtasari wa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ukiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye tarehe, majina ya waliokuwepo na saini zao, unaoonyesha kwamba mume alionywa mbele ya wajomba akaahidi kuacha, kisha shahidi mmoja akaja kueleza kwamba miezi minne baadaye bado alikuwa akilala kwa mwanamke yuleyule, umekamilisha kile ambacho sheria inakitafuta. Picha hamsini za usiku mmoja hazifiki hapo.

Kumbuka pia kwamba shauri la talaka ni la madai. Kipimo chake ni kama jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa, si kile kipimo kikali cha kesi za jinai. Katika vijiji ambako kila pikipiki inayolala nje ya nyumba isiyo yake inajulikana kabla ya alfajiri, mashahidi wapo na hawahitaji kamera. Tatizo huwa ni kuwapata wakubali kusimama kizimbani, na mpelelezi wa mjini hawezi kukusaidia kumshawishi jirani yako.

"Lakini nikimthibitisha, nitampokonya mali"

Hili ndilo pingamizi tunalolisikia kuliko yote, na ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi. Kifungu cha 114 kinaieleza mahakama izingatie nini inapogawa mali: mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyofanywa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya hayo inaitaka ielekee kwenye mgawo ulio sawa. Uzinzi haumo katika orodha hiyo. Mume aliyeachwa kwa sababu ya mchepuko hapotezi shamba kwa sababu hiyo peke yake, na mke hali kadhalika.

Msomaji anayefuatilia sheria atasema: mbona kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwenendo uliangaliwa? Ni kweli, na kesi hiyo inafaa kueleweka vizuri. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri hilo, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Hukumu hiyo imewafaa wanawake wengi kuliko karibu hukumu nyingine yoyote ya ndoa nchini. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakunufaika nayo kama wengi wanavyodhani, kwa sababu ilionekana kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizitumia ovyo. Mwenendo uliohesabiwa ulikuwa ule uliogusa mali. Fundisho la vitendo ni kwamba kama mwenzako analala nje, hilo haliongezi ekari yako. Kama fedha za mavuno ya tangawizi ya Mamba zimejenga nyumba ya mtu wa pembeni, sasa una hoja ya mali, na hapo ufuatiliaji una maana. Utakachokwenda kutafuta ni risiti ya mabati, jina lililo kwenye mkataba wa kiwanja, fundi aliyelipwa na nani. Kitanda kiache.

Kwa watoto ni hivyohivyo. Sheria inaweka mbele ustawi wa mtoto, na kwa mtoto wa chini ya miaka saba kuna dhana, inayoweza kupingwa, kwamba ni vizuri akae na mama yake. Hakimu atataka kujua mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani anampeleka zahanati, kama mtu mzima aliye naye anamwacha peke yake usiku au analewa. Uhusiano wa mzazi utaingia pale tu unapomdhuru mtoto. Mwalimu wa darasa na afisa ustawi wa jamii ni mashahidi bora hapa.

Picha moja mbele ya hakimu

Tuseme umelipa, na umepewa picha: mwanamume na mwanamke wanaingia kwenye mlango wa gesti mjini Same, taa ya nje inawaka, mgongo wa mwanamume unaonekana, shati lake la mistari unalijua kwa sababu ulilifua wewe. Kwako kesi imekwisha. Kwa wakili wa upande wa pili ndiyo kwanza inaanza. Nani alipiga picha hii? Yuko wapi aje aseme mwenyewe, maana ushahidi wa kusikia kwa mtu haupokelewi? Ilipigwa tarehe gani, na simu au kamera iliyoipiga iko wapi? Imekaa kwa nani tangu siku hiyo, na imepita kwenye WhatsApp mara ngapi? Huyo wa mgongo ni nani, na shati hilo limeuzwa mtumbani kwa watu wangapi? Waliingia kufanya nini, na walitoka saa ngapi?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyotumwa, na jinsi aliyeitoa alivyotambuliwa. Mpelelezi anayekutumia picha kwa simu kisha anakataa kuja mahakamani "ili asijulikane" hajakupa ushahidi wowote. Kumuuliza kama atakuja kutoa ushahidi ndilo swali la kwanza, kabla hata ya bei.

Mahali ambapo mpelelezi anaweza kukufaa

Mpelelezi anayefanya kazi halali ana faida zake. Mali za siku hizi hazikai kijijini. Mtu wa Usangi anaweza kuwa na fremu za duka Himo, kiwanja Chalinze na daladala inayozunguka Arusha kwa jina la mdogo wake. Kujua kwamba vitu hivyo vipo, viko wapi na nani anakusanya kodi ni kazi ya miguu na ya kuuliza watu, na mtu mwenye uzoefu, aliye huru kukaa mjini siku kadhaa, anaiweza kuliko mama mwenye watoto watatu na shamba la mpunga Ndungu. Vivyo hivyo kwa kipato. Anayedai mahakamani kwamba hana kazi huku akisimamia lori la jasi kutoka Makanya anaweza kuonekana akifanya hivyo hadharani, na mtu aliyemwona anaweza kuja kueleza.

Kazi ya pili ni kumtafuta aliyepotea. Hapa pia usikimbilie kulipa. Ikiwa mwenzako amekutoroka na hujui aliko, sheria inakuruhusu kufungua madai bila kupita kwanza barazani, na mahakama inaweza kuruhusu wito utangazwe gazetini. Kwa talaka peke yake, basi, hulazimiki kumpata. Unahitaji kumpata iwapo unataka matunzo ya watoto au sehemu ya mali iliyo mikononi mwake, kwa sababu amri bila anwani haikusanyi hela.

Anza na ofisi, ndipo uende kwa mpelelezi

Sehemu kubwa ya yale ambayo watu hulipia iko kwenye majalada ya umma, kwa ada ndogo au bure. Zunguka kwanza:

- Ofisi ya kijiji na mtendaji. Mauziano ya ardhi ya kijiji yanatakiwa kupita kwa halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hati miliki za kimila zina daftari lake. Nakala ya mkataba yenye muhuri na mashahidi ni dhahabu.
- Msajili wa Hati, kwa viwanja vya mjini. Omba upekuzi rasmi wa kiwanja ukiwa na namba na kitalu. Kama ni nyumba ya familia, uliza pia jinsi ya kuweka zuio. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwenzi mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwingine, na kinakupa haki inayoweza kulindwa kwa zuio hilo.
- BRELA, kwa majina ya biashara na wanahisa wa kampuni.
- Ofisi ya uvuvi, kwa leseni za mitumbwi, na ofisi ya mifugo kwa vibali vya kusafirisha ng'ombe na stakabadhi za mnadani. Mtu anayesema ana ng'ombe wanne wakati kibali kinaonyesha alipeleka kumi na wawili mnadani atakuwa na kazi ya kujieleza.
- Kabati lako mwenyewe. Risiti za saruji, daftari la duka, kadi ya VICOBA, ujumbe wa M-Pesa uliotumwa kwako, picha za ujenzi zenye mafundi unaowajua kwa majina.

Hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili. Shamba la urithi la mume ni lake, lakini mali iliyopatikana kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi, au kwa juhudi za wote wawili, inaingia kwenye mgawo. Mke aliyejenga matuta, akachimba mfereji kutoka kwenye ndiva (bwawa la kumwagilia) na kupanda migomba kwenye ardhi ya ukoo wa mume hahitaji mpelelezi. Anahitaji majirani walioshuhudia akilima, na picha za shamba kabla na baada.

Taarifa za benki na za miamala ya simu usizitafute kwa mlango wa nyuma. Shauri likishafunguliwa, iombe mahakama imwamuru mwenzako azitoe, au imwite mwenye kumbukumbu hizo azilete. Wakili au msaidizi wa kisheria atakuandikia ombi hilo. Linachukua muda, na muda huo ndio unaowafanya watu watafute njia ya mkato.

Ng'ambo ya ziwa

Wakazi wa Jipe wana shida yao ya pekee, kwa sababu nusu ya maisha ya baadhi ya wanandoa iko Kenya. Mpelelezi wa Tanzania anayevuka kwenda Taveta anakuwa raia wa kawaida wa nje, na huko kazi hiyo ina sheria yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kudhibiti ulinzi binafsi inawahusu wapelelezi binafsi pia na inawataka wasajiliwe. Kama kuna nyumba au duka Taveta, mtafute wakili wa huko afanye upekuzi wa kawaida kwenye kumbukumbu zao, maana karatasi yake itasomeka mahakamani kuliko hadithi ya mtu aliyekaa hotelini kwa wiki. Na usidanganyike kwamba kwa kuwa mwenzako yuko Taveta basi unaruka baraza. Msamaha wa mwenzi aliye nje ya nchi ni kwa yule ambaye haielekei atarejea ndani ya miezi sita. Anayerudi kila Jumamosi na kapu la perege yuko nchini kwa kadiri yoyote ya sheria.

Makosa yanayomgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa

Wasomaji wengi wanadhani ndoa inatoa ruhusa ya kila kitu. Ibara ya 16 ya Katiba inamlindia kila mtu faragha yake, na mwenzi wako ni mtu. Yafuatayo yanafanywa kila siku, na kila moja linaweza kukupeleka polisi:

- Kununua orodha ya simu zilizopigwa. Mfanyakazi wa kampuni ya simu anayekuuzia anavunja wajibu wa usiri uliowekwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, nawe umeshiriki. Mpelelezi anayejinadi kwa kusema "nina mtu ndani" amekwisha kukuonyesha kwamba umuache.
- Kuweka programu ya kunasa ujumbe kwenye simu ya mwenzako, au kufungua akaunti zake. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo bila haki kuna faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Kunasa mawasiliano kuna faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kama hicho, au vyote.
- Kusambaza picha kwenye kundi la familia au la kanisa. Utakuwa umejitengenezea kesi, na watoto wako ndio watakaoziona kwanza.
- Kufumania kwa kundi. Kukusanya vijana, kuvunja mlango na kuwapiga watu ni makosa ya jinai hata kama mliyoyakuta ndani ni kweli. Watu wameuawa katika mambo haya.
- Kumtega mwenzako kwa mtu wa kukodi. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa kinakuruhusu kumdai fidia aliyezini na mwenzi wako, lakini dai linatupwa ikiwa ulikubali au ulishiriki kuupanga ugoni huo, au ikiwa mdaiwa hakujua, wala asingeweza kujua kwa kuchunguza, kwamba huyo ana ndoa.

Kuhusu fidia hiyo ya ugoni, neno moja. Sheria inakataza isiwe ya kumkomoa mdaiwa, na mahakama inaangalia mila za jamii na kama mlikuwa mkiishi pamoja au mmetengana. Anayeuza ng'ombe kumlipa mpelelezi kwa matumaini ya fidia apige hesabu hiyo kwanza.

Ukiamua kumwajiri

Mwulize wakili au msaidizi wa kisheria akuandikie swali moja ambalo mpelelezi atalijibu, kwa mfano "Nani anakusanya kodi ya fremu zilizoko Himo karibu na stendi, na tangu lini?" Swali lisilo na mwisho, kama "Anafanya nini huko?", ndilo linalonenepesha ankara. Kisha:

1. Taka kuona usajili wa biashara, leseni na namba ya mlipakodi. Kwa kuwa atakusanya taarifa za watu, uliza pia usajili wake katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.
2. Andikianeni mkataba: swali lenyewe, muda, ukomo wa gharama, na njia ambazo haruhusiwi kuzitumia.
3. Lipa kwa awamu, na kila awamu ifuate ripoti yenye tarehe, saa, mahali na jina la aliyeona.
4. Iandikwe kwamba atakuja mahakamani, na nauli yake ya siku hiyo ni kiasi gani.
5. Iandikwe kwamba taarifa ni zako na haziuzwi. Wako wanaokula kwako na kwa mwenzako.
6. Usimwajiri askari aliye kazini. Mpelelezi binafsi hana mamlaka ya kukamata wala kupekua, na anayejitambulisha kwa kitambulisho cha polisi katika kazi yako ya binafsi anakuingiza kwenye matatizo yake.

Maswali mawili ya mwisho

"Sitaki mambo ya mahakama, nataka tu kujua ukweli nitulie." Hilo linaeleweka, lakini lipime kwa gharama yake. Aliyefikia kiwango cha kutaka kumlipa mgeni amfuatilie mwenzake mara nyingi ameshapata jibu analohitaji kuhusu ndoa yake. Kikao cha wazee kitakupa majibu kwa bei ya chai, na kitabaki kuwa ushahidi.

"Ananipiga, nahitaji ushahidi haraka." Usimtafute mpelelezi hata kidogo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, chukua fomu ya polisi ya matibabu (PF3), utibiwe, na utunze nakala. Fomu ya daktari yenye tarehe inasema mengi kuliko ripoti ya mtu yeyote aliyekufuatilia nyuma.

Mpangilio wa hatua

Fanya kikao cha familia na kiandikwe. Nenda kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata, la msikiti au la kanisa. Mwenzako akiitwa na akakataa kuja kwa makusudi, tunza nakala za wito, kwa sababu kukataa kwake kunakufungulia njia. Kama ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, utahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Waislamu waliokwisha kutamkiana talaka bado wanahitaji uthibitisho wa baraza kwamba usuluhishi umeshindikana kabla mahakama haijatoa hukumu yake. Wakati baraza linaendelea, zungukia ofisi tulizozitaja na uandike orodha ya mali, kila moja na karatasi yake. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, maana huduma yake haina malipo. Shauri linaweza kufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo, si lazima uende Moshi. Mpelelezi, kama bado kuna swali lililobaki bila jibu, anaingia hapa mwishoni.

Cheti cha baraza cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana kisipoangaliwa huwaangusha watu kuliko ukosefu wa picha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, ilibatilisha mwenendo mzima kwa sababu shauri lilifunguliwa bila cheti halali. Cheti kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua madai. Angalia tarehe ya cha kwako leo, na kama miezi sita imepita, rudi barazani kabla hujatoa shilingi nyingine.